Msalaba Uliokuwa Nguzo ya Lango

Jenifer Uglow hakuwahi kuiomba dunia mengi, na hata machache aliyoomba alinyimwa. Hakupata mume, maana kijana aliyemtaka alikwenda Johanesbagi kuchimba dhahabu, vumbi likamla mapafu akazikwa hukohuko. Hakupata shamba, maana shamba lilikuwa la Tredallow, kama kila kitu kilichoonekana kutoka dirishani kwake. Kwa hiyo alipofika miaka sabini na kitu, amelala karibu na dirisha, kifua kikimkereza kama msumeno, alibakiwa na ombi moja, na alilirudia kwa mdogo wake Digory kila jioni.

"Nikifa nipite njia yetu. Nisipakiwe kwenye lori kama gunia la viazi. Nipite nyikani, nipumzishwe Msalabani kama mama, ndipo nishuke kanisani."

"Utapona, dada."

"Sijakuuliza habari za kupona. Nimekwambia habari za njia. Wewe mtoto husikii."

Mtoto huyo alikuwa na miaka sitini na minane.

Njia yenyewe ilitoka Hendra Vean, kitongoji cha nyumba saba kilichong'ang'ania mgongo wa nyika ya Kornwali, kusini-magharibi mwa Uingereza, kama kupe, ikakata vichaka na vinamasi, ikapita kwenye Msalaba, jiwe la kale lililosimama kando yake, ikateremka hadi kanisa la Lanwenna. Kabla ya barabara ya lami hapakuwa na nyingine. Watu wa Hendra walibatizwa kwa njia hiyo, wakaoa kwa njia hiyo, wakazikwa kwa njia hiyo. Wabebaji hawakuweka jeneza begani. Walipitisha mataulo meupe chini yake, wakalining'iniza mikononi, wakaenda wakiimba na kupokezana. Walipofika Msalabani waliliweka chini, miguu ya maiti ikielekea kanisani, wakapumua, wakaendelea.

Sasa wabebaji hawakuwepo. Katika nyumba saba, sita hazikuwa na paa. Wenyewe walikuwa wamekwenda Afrika, Australia na Amerika, kuwachimbia matajiri wa huko dhahabu na shaba baada ya kumaliza kuwachimbia matajiri wa hapa bati. Walisema watarudi. Alirudi mmoja tu, na huyo alirudi kufa. Hendra ilibaki na Jenifer, Digory, ng'ombe wanne na farasi jike mzee aliyekuwa haoni jicho moja.

Na hata njia ilikuwa imefungwa. Kanali Tredallow aliporithi ardhi kutoka kwa baba yake mdogo, jambo la kwanza alilofanya ni kujenga ukuta wa mawe kukata nyika katikati, akaweka lango palipopita njia, na kwenye lango akaweka mnyororo. Alisema watu wanawatisha ndege wake. Ndege wenyewe aliwafuga ili awapige risasi, kwa hiyo sijui ni nani hasa aliyekuwa akiwatisha.

Yako mambo mawili ambayo msomaji lazima ayajue kuhusu watu wa nyika ile, tajiri kwa maskini. La kwanza ni kwamba wanaamini palipopita maiti hapafungiki tena. Jeneza likishapita kwenye ardhi ya mtu, hiyo ni njia ya umma mpaka siku ya kiyama. Mwanasheria yeyote wa mji wa Bodmin atakwambia hakuna sheria kama hiyo na haijapata kuwepo. Haidhuru. Wanaiamini kama wanavyoamini mvua. La pili nitalisema likifika mahali pake.

Digory hakukaa kimya. Alisimama kwenye kila mkutano wa parokia, nyuma kabisa karibu na jiko, akadai lango lifunguliwe, mpaka ikawa akisimama tu, watu wanaanza kutafuta kofia zao. Alisimama hivyo miaka minne. Mwishoni baraza la wilaya, labda kwa kuchoka, likatoa kauli: ikithibitika kwamba Msalaba unasimama mahali pale pale ulipowekwa na watu wa kale, basi njia nayo ni ya kale, na Kanali ataamriwa kufungua. Wataleta mtaalamu achimbe.

Siku ile Digory alirudi nyumbani akitembea kama kijana. "Dada, tumeshinda. Nani asiyejua ule Msalaba upo pale tangu Mtakatifu Wenna mwenyewe?"

Kila mtoto wa Hendra alilijua hilo. Ubavuni mwa Msalaba kulikuwa na matundu mawili, moja juu na jingine chini, makubwa kiasi cha kuingia vidole. Hayo, waliambiwa na bibi zao, ni alama za vidole vya Wenna, aliposhika jiwe lile kwa mkono mmoja na kulisimika ardhini kama mwanamke anavyosimika mche wa kabichi. Digory aliingiza vidole vyake mle akiwa na miaka mitatu, babu yake amembeba. Babu alikuwa akicheka sana siku hiyo, na Digory hakujua kwa nini.

Mtaalamu alikuja Septemba. Alikuwa mwanamke, Bi Averil Stroud, mrefu, mwenye buti za kiume na mwiko mdogo wa chuma alioushika kama wengine wanavyoshika kijiko cha chai. Alinyoosha kamba kuuzunguka Msalaba, akaanza kukwangua udongo tabaka kwa tabaka, akichekecha kila konzi. Siku hizo za kuchimba lango liliachwa wazi, na Digory alimpelekea chai na keki ya zafarani asubuhi, na alipomaliza kukamua jioni alirudi tena bila chai. Ilikuwa ni miezi mingi tangu aongee na mtu asiyekuwa dada yake au farasi, na maneno yalikuwa yamemjaa kama maziwa kwenye kiwele.

"Umeona uso wake?" Bi Stroud alimwuliza jua lilipokuwa chini, mwanga ukija ubavu ubavu. Kichwa cha Msalaba kilikuwa duara kama sinia, na ndani ya duara mikono minne imechongwa ikipanuka kuelekea nje. "Mchana huoni kitu. Sasa hivi tazama, kuna ukili umepita pembeni, umesukwa kama mkeka. Aliyechonga alijua kazi yake. Miaka mia saba, labda mia nane."

"Nakwambia ni wa Wenna."

"Wenna alikufa zamani kuliko hapo, Bwana Uglow. Huu ni wa njia. Waliiweka misalaba kama hii ili mtu akishikwa na ukungu ajue hajapotea, na pia apate mahali pa kusali kwamba hatapotea."

Digory alipenda maneno hayo, akaenda nayo nyumbani akampa Jenifer, na Jenifer akayala kama uji.

Lakini siku iliyofuata alimkuta Bi Stroud amekaa ukingoni mwa shimo hachimbi. Kwenye kitambaa mapajani mwake kulikuwa na kichwa cha kiko cha udongo na kipande cha sahani, cheupe chenye maua ya buluu.

"Kaa, Bwana Uglow."

"Nimezoea kusimama."

"Hivi vilikuwa chini ya Msalaba. Si kando, chini kabisa, katikati ya mawe ya kushindilia. Unaelewa?"

"Kuna mtu alivunja sahani."

"Aliivunja kabla Msalaba haujawekwa hapa. Na sahani za namna hii zilianza kutengenezwa wakati wa babu yako." "Msalaba ni wa kale kweli. Ila mahali hapa si pake. Na yale matundu..."

"Vidole vya Wenna."

"Chungulia la juu. Tia kucha. Ile rangi ya kijivu ni risasi. Waliyeyusha risasi wakaimimina ili ishike chuma. Ni matundu ya bawaba. Mtu aliugeuza Msalaba huu nguzo ya lango, na si lango la zizi la kondoo. Lango zito, la mtu mkubwa."

Digory aligeuka. Alikuwa anatazama upande wa bonde, ambako paa za nyumba ya Tredallow zilionekana kati ya miti. Kila mtu Lanwenna alijua kwamba lango la juu la Tredallow lina nguzo moja ya jiwe la itale na ya pili ya matofali, na kila mtu aliwahi kucheka kwamba hata matajiri huishiwa mawe. Hakuna aliyewahi kuuliza ile nguzo nyingine ilikwenda wapi.

Bi Stroud ndiye aliyeuliza, akaenda Tredallow, akapima. Bawaba za lango la zamani zililingana na matundu.

Hapo Digory akaelewa kicheko cha babu. Tredallow wa wakati ule aliung'oa Msalaba njiani, kwa sababu ulikuwa jiwe zuri lililonyooka na yeye alihitaji nguzo. Akautoboa ubavu, akaning'iniza lango lake juu ya jina la Mungu. Na siku moja wanaume wa nyumba saba za Hendra wakaenda na farasi wao wakauchukua. Hawakukumbuka tena shimo lake la kwanza lilikuwa wapi, basi wakausimamisha pale ulipofaa, penye njia yao, pa kupumzishia maiti wao. Kisha wakafunga midomo. Waliifunga vizuri kiasi kwamba hata wajukuu hawakuambiwa. Waliwatungia wajukuu mtakatifu mwenye vidole vikubwa, ili yeyote atakayeuliza habari za matundu apewe jibu la kanisani.

Digory alijivuna. Halafu akahisi upweke ambao hakuwahi kuuhisi hata siku paa la sita lilipoanguka. Walikuwa na siri kubwa namna ile, nao wakaona yeye si wa kuambiwa.

"Lazima uandike?" alimwuliza Bi Stroud.

"Lazima niandike nilichokiona."

"Utaandika nani alianza kuiba?"

"Nitaandika yote mawili."

Aliandika yote mawili. Lakini watu wa baraza nao wana macho yanayosoma wanachotaka. Katika mkutano wa Oktoba ilisomwa kwamba Msalaba haupo mahali pake pa asili, kwa hiyo njia haijathibitika. Na kwa kuwa jiwe lilikuwa nguzo ya Tredallow, ni mali ya Tredallow. Kanali alisimama akamshukuru Bi Stroud kwa kumrudishia kilichoibwa na watu wasiojulikana.

Digory alisimama karibu na jiko. Mikono ya watu ikaanza kutafuta kofia.

"Wanajulikana," alisema. "Mmoja alikuwa babu yangu. Na aliyeiba kwanza anajulikana pia, picha yake mmeitundika hapo ukutani mwenu. Ninyi mkichukua, ni mirathi. Sisi tukichukua kilekile, ni wizi. Msalaba ulikaa njiani miaka mia sita bila mwenyewe, kila mpita njia akiwa mwenyewe. Leo una mwenyewe. Haya, nenda kauchukue, Bwana Kanali. Ila usisahau kuutundikia lango."

Kuna waliocheka, wakageuza kicheko kuwa kikohozi. Wote walikuwa wapangaji wa Kanali.

Msalaba ulichukuliwa wiki ileile, kwa farasi wawili na minyororo, ukasimamishwa kwenye majani ya mbele ya Tredallow, katikati ya mawaridi. Aliyesimamia kazi alikuwa Hannibal Bray, mlinzi wa nyika ya Kanali, ambaye mama yake mzazi alikuwa amepumzishwa chini ya jiwe lile akienda kuzikwa. Hakumtazama Digory usoni.

Jenifer aliona kila kitu kutoka dirishani.

"Sasa mtanipumzisha wapi?"

"Palepale."

"Hapana kitu pale."

"Kuna pale penyewe," Digory alisema, na dada yake akamtazama kitambo, akageukia ukuta. Hakuomba tena. Hilo ndilo lililomwumiza Digory kuliko maombi yote.

Alikufa Novemba, asubuhi, Digory akiwa zizini. Alipoingia na ndoo alijua kabla ya kuiweka chini, kwa sababu ule msumeno ulikuwa umenyamaza.

Habari za kifo hushuka nyikani upesi; kabla ya saa sita Kanali alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Hakuwahi kufika Hendra maishani mwake. Alitazama nyumba sita zisizo na paa kama mtu aliyeonyeshwa picha za jamaa zake asiwatambue.

"Pole sana, Uglow."

"Nimepoa."

"Lori langu lipo tayari, limeoshwa, limetandikwa. Litapita barabara ya lami mpaka mlangoni pa kanisa. Nimeagiza na maua."

"Jenifer hakupenda lori. Atapita njia yake."

"Njia hakuna. Baraza limeamua."

"Mwanasheria wako alisema mbele yetu wote kwamba maiti haifanyi njia. Alisema ni ushirikina wa washamba."

"Ni ushirikina, ndiyo."

"Basi akipita utapungukiwa nini?"

Kanali alikunja glavu zake, akazikunjua. "Kuna kondoo kule. Watashtuka."

"Kondoo wako wananijua kuliko wewe."

Upepo ulipita kati yao. Digory alimtazama usoni, akaona kitu ambacho hakukitegemea. Kanali Tredallow, mwenye mawakili Bodmin na vitabu vya sheria vyenye ngozi nyekundu, alikuwa anaogopa. Alinyonya imani ile kwa yaya wake, mwanamke wa Lanwenna, kama walivyoinyonya wote, na hakuna wakili aliyeweza kumtoa. Mzee aliye hai, na miaka yake minne ya kusimama karibu na jiko, hakumnyima usingizi hata usiku mmoja. Kikongwe aliyekufa ndiye aliyemtoa nyumbani kwake kwa miguu.

"Sikiliza," Kanali alisema kwa sauti ya chini. "Nitaurudisha Msalaba. Kesho. Utasimama palepale, na nitaandika kwamba hautaondolewa. Wewe nipe neno lako tu kwamba atakwenda kwa lori."

Hilo lilimgusa Digory mahali pabaya. Aliufikiria ule uso wa jiwe wakati wa jua la jioni, ule ukili kama mkeka. Alijiona akipita pale siku zake zilizobaki, ana kitu cha kugusa. Nyumbani hapakuwa tena na mtu wa kugusa.

"Kaa nao," alisema mwishowe. "Babu yangu hakuuchukua kwa ajili ya kuupenda. Aliuchukua ushike njia. Ukinirudishia jiwe ukabaki na njia, nitakuwa nimeuza ng'ombe nikanunua kengele."

Kanali akavaa kofia. "Nani atambeba, Uglow? Wewe na yule farasi?"

Lilikuwa swali la haki. Kesho yake Digory alishuka Lanwenna kwa barabara ya lami, akapiga hodi mlango kwa mlango. Alimkuta fundi viatu anaumwa mgongo. Mwokaji alikuwa na mgongo pia. Kiongozi wa kwaya ya kanisa dogo, mtu aliyemjua Jenifer tangu shule ya Jumapili, alikiri waziwazi angalau.

"Mikataba yetu ya nyumba inaisha mwezi wa tatu, Mjomba Digory. Karani wa Kanali amepita nyumba zote jana jioni. Hakusema neno. Aliuliza tu watoto hawajambo."

"Na watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Nataka waendelee hivyo."

Digory hakumtukana. Alikuwa na matusi ya kutosha, aliyaweka kwa muda mrefu, lakini yalikuwa ya watu wengine. Alipofika mwisho wa kijiji, kwenye nyumba ya mlinzi, hakupiga hodi. Mlango ulifunguka wenyewe. Charity Bray, mke wa Hannibal, alisimama pale, mikono ina unga hadi viwikoni.

"Umepita kwangu kama umepita makaburini."

"Mumeo analinda lango, Charity. Nikuombe nini?"

"Umeomba wanaume kijiji kizima. Jenifer aliolewa lini?"

"Hakuolewa. Unajua."

"Basi unawatafutia nini wanaume?"

Na hili ndilo jambo la pili nililosema nitalieleza. Watu wa nyika ile husema msichana hubebwa na wasichana. Mwanamke akifa hajaolewa, mwanamume hashiki jeneza lake; hubebwa na wanawake, kwa mavazi meupe au angalau mitandio myeupe. Zamani waliokufa bila kuolewa walikuwa wabichi, miaka kumi na sita, ishirini. Hakuna aliyefikiria kwamba desturi haikuweka mpaka wa umri. Digory mwenyewe, aliyekumbuka kila ukuta Kanali aliojenga na kila mti aliokata, hakulikumbuka hilo.

"Karani atawafukuza," alisema.

"Atamfukuza nani? Nyumba imeandikwa jina la Hannibal. Ya mwokaji imeandikwa jina la mwokaji. Mimi sikuandikwa popote, Mjomba. Tangu niolewe sijawahi kuona faida ya jambo hilo mpaka leo." Alijifuta unga kwenye aproni. "Ila mataulo yawe masafi. Nawajua nyinyi wanaume mnaokaa peke yenu."

Walikuja siku ya mazishi kwa barabara ya lami, mke wa fundi viatu, mke wa mwokaji, mabinti wawili wa kiongozi wa kwaya na mama yao, Charity mbele, mitandio myeupe vichwani, ukungu umewazunguka. Bi Stroud naye alikuwepo, alisafiri tangu alfajiri, na kwa kuwa hakuwa na mume wala mtandio, alijifunga kitambaa cha kuwekea vipande vyake na hakuna aliyecheka. Walipitisha mataulo chini ya jeneza.

"Mwepesi huyu," alisema mke wa mwokaji.

"Subiri mlima," alisema Charity.

Wakaimba. Tenzi zile zilitungwa kwa sauti za wanaume, sauti nene za watu wa migodini, na wanawake waliziimba juu kidogo, na sauti iliyokosekana chini yake ilisikika kuliko zilizokuwepo. Digory alitembea nyuma. Jamaa wa marehemu habebi wala haimbi. Alitazama migongo yao na kokoto zikiteleza chini ya viatu vyao, na alijua kwamba Hendra nzima, ile iliyokufa migodini, Rand ya Afrika na Moonta ya Australia na kwenye baridi ya Michigan, haikupata hata mmoja wa kuinuliwa hivi.

Langoni alisimama Hannibal Bray, bunduki begani, mnyororo nyuma yake. Mbali kidogo, juu ya farasi, alikuwepo karani. Wanawake hawakupunguza mwendo mpaka pua ya jeneza ilipokaribia kugusa vifungo vya koti la Hannibal.

"Nimeagizwa," Hannibal alisema.

"Najua, mimi ndiye niliyekupigia pasi hilo shati ukaja kuagizwa," alisema Charity. "Fungua lango, baba watoto. Mikono imejaa."

"Charity, usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Mama yako alipita hapa. Nilitembea nyuma yake na wewe ulilia mpaka nikakupa mtandio wangu. Hadithi hiyo sikuitoa mpaka leo. Unataka niwasimulie na hawa?"

Hannibal alimtazama karani. Karani aliona ni jambo la busara kutazama kondoo. Mnyororo ulitoa sauti ukianguka kwenye mawe, na Jenifer Uglow akapita, kwanza miguu yake, kisha yeye mzima.

Mahali pa Msalaba palikuwa na kiraka cha udongo mweusi tu, Bi Stroud alishafukia shimo lake. Ukungu ulikuwa mzito. Kama si Digory wangepapita. Alisema, "Hapa," wakaliweka jeneza chini, kwenye tope, miguu ikielekea kanisani. Wanawake walinyoosha migongo, wakasugua viganja. Hakuna aliyejua la kufanya pasipo na jiwe la kulitazama. Digory alikaa chini kando ya dada yake, mtu ambaye watu walizoea kumwona amesimama, akaweka mkono wake juu ya mbao.

"Umefika, dada. Pumzika kidogo," alisema. "Hatuna haraka."

Walikaa pale mpaka baridi ilipowaingia mifupani, na hata hapo Charity alisubiri Digory ainuke kwanza.

Jenifer alizikwa. Kasisi alisoma haraka. Baadaye palikuwa na chai nyumbani kwa mwokaji, na waume wote wenye migongo mibovu walikuwepo, wamejinyoosha wima, wakimsifu Jenifer. Walimwomba Digory alale kijijini. Alikataa, ng'ombe hawajui msiba.

Wanawake walibaki kwao. Bi Stroud alikwenda kupanda basi. Digory alipanda nyika peke yake kwa njia ile ile, na langoni akamkuta Hannibal amekaa juu ya mawe, mnyororo mapajani.

"Kanali amesema nifunge tena."

"Funga."

"Anasema hata ingekuwa maiti mia, yeye atafunga."

"Sawa. Mimi Jumapili nitashuka kumwona dada."

"Nitakuzuia, Mjomba Digory. Ndiyo kazi yangu."

"Ndiyo kazi yako."

Kondoo walikohoa ndani ya ukungu.

"Utashuka saa ngapi?" Hannibal aliuliza.

"Nikimaliza kukamua."

Hannibal aliufikiria mnyororo kwa muda. "Saa hizo huwa nakunywa chai," alisema. "Na nikinywa chai huwa nakaa sana."

Digory aliitikia kwa kichwa, akapita. Kutoka pale hadi Hendra hakukutana na mtu, wala hakutegemea kukutana naye. Alipofika uani ng'ombe walikuwa wanalia, viwele vimejaa, naye akaenda kukamua kwanza, akiwa bado amevaa koti la msiba.